Je, Samaki Aliyekauka Hakunjiki?

Miongoni mwa methali ambazo sisi walimu tunazipenda, na ambazo aghalabu tunazitumia pasi na kuzipima, ni ile isemayo samaki mkunje angali mbichi, kwani akikauka hakunjiki. Methali hii ina hekima yake, nayo ni hekima ya malezi: mtoto hufunzwa adabu mapema, kabla tabia mbaya hazijaota mizizi. Hata hivyo, methali hiyo imetolewa mahali pake ikapelekwa mahali pasipo pake, na huko imegeuzwa kuwa hukumu. Kijana wa miaka 16 au 17 anapotamani kujifunza jambo ambalo hakulianza utotoni, liwe ni kupiga kinanda, kuogelea, kusoma Kiarabu au kucheza densi, huambiwa kwamba samaki ameshakauka, na kwamba lililosalia kwake ni kungoja mtihani tu.

Katika makala haya nakusudia kuipinga hukumu hiyo, na nitaipinga kwa mfano ambao yamkini ni mgumu kuliko mingine yote, yaani mfano wa baleti. Baleti ni densi ya jukwaani iliyochipuka katika majumba ya watawala wa Italia, ikalelewa nchini Ufaransa, na ikaanza kuwekewa kanuni baada ya Mfalme Louis wa 14 kuasisi chuo cha densi mjini Paris mwaka 1661. Pierre Beauchamp ndiye anayetajwa kuwa aliipanga mikao mitano ya miguu ambayo hadi leo kila mwanafunzi wa baleti huanza nayo. Desturi ya shule kubwa za sanaa hii ni kuwachukua watoto wangali wadogo, hata kabla ya kufikisha miaka 11, na kuwafinyanga kwa miaka minane au tisa. Ikiwa kuna uwanja ambao methali ya samaki ingepaswa kuwa kweli tupu, ni uwanja huu. Na iwapo hata hapa methali haisimami wima, basi mwalimu anayemkatia tamaa mwanafunzi wa kinanda au wa Kiarabu hana pa kujishikilia.

Msomaji ataniuliza baleti inahusiana vipi na Kwale. Swali hilo lingekuwa na uzito mkubwa miaka 30 iliyopita. Leo limepungua uzito. Jijini Nairobi, katika mtaa wa Kibera, mwalimu Mike Wamaya amewafundisha baleti watoto wa shule ndani ya darasa la kawaida, madawati yakiwa yamesukumwa kando. Joel Kioko, kijana aliyelelewa katika mtaa wa mabanda wa Kuwinda, alifunzwa na Dance Centre Kenya kisha akapata nafasi katika shule ya English National Ballet jijini London. Mchezo wa baleti uitwao The Nutcracker umechezwa mara kadhaa na vijana katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho la Kenya. Habari hizo na picha hizo hazikuishia Nairobi. Zimefika Ukunda, Tiwi na Msambweni kwa njia ya simu za mkononi, na zimewakuta vijana ambao tayari wamezoea kuuona mwili ukifanyishwa kazi ya sanaa, maana hapa Diani hoteli za ufuoni zimekuwa na wachezaji ngoma na wanasarakasi wa jioni kwa miaka mingi.

Suala lenyewe lilinifikia kwa njia ya jamaa. Mpwa wangu, msichana wa miaka 17 aliye katika kidato cha tatu cha shule moja ya kutwa upande wa Msambweni, alianza kupanda matatu kila Jumamosi kwenda Diani kwa mwalimu mmoja wa kike anayewafundisha wasichana wachache katika ukumbi wa kukodi. Hakuwa amepata kucheza baleti hata siku moja. Katika darasa hilo alikuta watoto wa miaka 9 waliomzidi kwa mbali. Mwalimu wake mmoja wa shule alipopata habari alimwambia mbele ya wenzake kwamba samaki amekauka, kisha akaandika katika ripoti ya muhula kwamba mwanafunzi huyu ajiepushe na mambo yasiyotahiniwa. Dada yangu akanipigia simu. "Kaka, wewe ndiwe uliyesoma katika nyumba hii. Niambie, nimzuie au nimwache?" Kabla sijajibu, binti aliiomba simu akauliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, ni kweli nimechelewa?"

Mimi si mchezaji densi. Kile nilichosomea ni isimu, sayansi ya lugha, na ni kutoka huko nilikomjibu. Jibu hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa kwa upana zaidi, maana naamini haliwahusu mpwa wangu na dada yangu peke yao.

Mwaka 1967 mtaalamu Eric Lenneberg alichapisha kitabu juu ya misingi ya kibiolojia ya lugha. Humo alieleza kwamba binadamu ana kipindi mahususi cha kuipata lugha bila ya taabu, kinachoanza karibu na umri wa miaka 2 na kufikia ukomo wakati wa kubaleghe. Nadharia hii ilitoka vyuoni ikaingia mitaani, na huko ikafupishwa hadi ikapoteza maana: aliyebaleghe hajifunzi tena. Lenneberg mwenyewe hakusema hivyo. Alikiri wazi kwamba mtu wa miaka 40 anaweza kujifunza kuwasiliana kwa lugha ya kigeni. Alichosema ni kwamba njia ya mkubwa si njia ya mtoto: mtoto huinyonya lugha kama mchanga unavyonyonya maji, ilhali mkubwa huijenga kama nyumba, jiwe juu ya jiwe.

Waliokuja baada yake waliyapima madai hayo. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi huko huko Uholanzi. Katika miezi ya mwanzo waliopiga hatua za haraka kuliko wote hawakuwa watoto wadogo bali walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima. Mwaka ulipokwisha, walioongoza walikuwa watoto wa miaka 8 hadi 10 na vijana hao hao wa miaka 12 hadi 15. Walioshika mkia walikuwa wadogo kabisa, wa miaka 3 hadi 5. Mwaka 2018 Joshua Hartshorne na wenzake walichunguza majibu ya watu karibu 670,000, wakaona kwamba uwezo wa kujifunza sarufi ya lugha mpya hudumu hadi karibu miaka 17 na nusu ndipo huanza kushuka. Haki inanitaka niongeze kwamba, kwa mujibu wa uchunguzi huo huo, anayetaka kufikia kiwango cha mzawa kamili hana budi kuanza akiwa na miaka 10 hadi 12. Kuna tofauti, basi, kati ya kufanana na mzawa na kuwa mjuzi. Anayechelewa huenda asilipate lile la kwanza. La pili halijafungwa mbele yake.

Mfano maarufu wa jambo hili ni Joseph Conrad, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1857 na ambaye alianza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka 20 na ushei, alipokuwa baharia katika meli za Waingereza. Hadi kufa kwake lafudhi yake ilikuwa nzito ya kigeni. Lakini riwaya alizoanza kuzichapisha mwaka 1895 zimo katika hazina ya fasihi ya Kiingereza. Lafudhi ilimponyoka, lugha hakuikosa. Nasi hatuhitaji kusafiri hadi Uingereza kuliona hilo. Mtoto wa Tiwi aliyekulia katika Kidigo husema *dzina* na *tsi* nyumbani, kisha huja shuleni akafunzwa kusema jina na nchi. Huenda lahaja ya nyumbani ikasikika katika matamshi yake hadi uzeeni. Lakini nimewasomea wanafunzi wa aina hiyo insha ambazo mzawa wa Mji wa Kale wa Mombasa angezionea wivu.

Sasa tuirejee baleti. Nayo ina kile ninachoweza kukiita lafudhi na kile ninachoweza kukiita sarufi. Lafudhi yake ni yale yanayotegemea mifupa na viungo vya mtu: kiasi ambacho mapaja yanaweza kugeukia nje kutoka kwenye nyonga, upinde wa wayo, urefu wa kano. Mtoto anayeanza mapema huvizoeza viungo hivyo vingali vinakua. Kijana wa miaka 17 amekwisha kuumbika kwa sehemu kubwa. Unyumbukaji wa misuli anaweza kuuongeza, lakini umbo la kiungo cha nyonga halibadiliki kwa juhudi. Akilazimisha miguu igeuke nje zaidi ya nyonga zake, nguvu hiyo huangukia magoti, na magoti hulipa. Wala asikimbilie viatu vigumu vya kusimamia vidole kwa kuwa ameviona pichani. Walimu makini hawampi hata mtoto viatu hivyo kabla ya umri wa takriban miaka 11 au 12, na hata hapo baada ya miaka ya kuimarishwa kifundo cha mguu na mgongo. Anayechelewa hana njia ya mkato ya kuikwepa miaka hiyo.

Sarufi ya baleti ni jambo jingine. Ni kujua uzito wa mwili uko juu ya mguu upi. Ni kukunja magoti kwa namna ambayo kuruka na kutua vyote vinapata chanzo chake, na ndiyo maana zoezi la kwanza la kila siku, kwa mtoto na kwa bingwa, ni hilo la kukunja magoti, ambalo Wafaransa huliita plie, yaani kilichokunjwa. Ni kusikia hesabu ya muziki, kukumbuka mfuatano wa hatua, kuuelekeza mkono pamoja na kichwa na macho. Mambo haya hayatoki mfupani. Yanatoka katika akili inayosikiliza na mwili unaorudia, na kijana wa sekondari, ambaye anaweza kuelewa kwa nini anasahihishwa, mara nyingi huyashika upesi kuliko mtoto anayeiga tu. Mpwa wangu aliniambia kwamba wale watoto wa miaka 9 wanamshinda kwa miguu, lakini mwalimu akiufuta mfuatano mmoja na kuleta mwingine, yeye huushika kabla yao. Sikushangaa. Ndivyo ilivyokuwa kule Uholanzi.

Kuna watu ambao majina yao hutajwa kila mara katika mjadala huu. Rudolf Nureyev, aliyezaliwa mwaka 1938 na kulelewa katika umaskini mjini Ufa, alianza kwa kucheza ngoma za jadi za Wabashkir, akapata mafunzo ya kuokoteza ya baleti, na hakuingia katika shule kuu ya Leningrad hadi mwaka 1955 alipokuwa na miaka 17, umri ambao rika lake shuleni humo lilikuwa linakaribia kuhitimu. Baba yake hakuitaka kazi hiyo. Misty Copeland wa Marekani alianza akiwa na miaka 13, somo lake la kwanza likiwa katika uwanja wa mpira wa kikapu wa klabu ya watoto huko San Pedro, California, wakati ambapo mama yake na ndugu zake waliishi katika chumba cha moteli. Mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupandishwa hadi daraja la juu kabisa la wachezaji wa American Ballet Theatre.

Hata hivyo, nisingependa mwanafunzi azisome habari hizi kama ahadi. Wawili hao wanatajwa kwa sababu ni wachache. Kwa kila Nureyev wapo maelfu walioanza wakiwa na miaka 17 na ambao hawakulipwa hata senti moja kwa kucheza. Mwalimu anayemwambia kijana kwamba lango la kuwa mchezaji wa kulipwa ni jembamba, na kwamba kuchelewa kumelifanya jembamba zaidi, anasema kweli, na ni wajibu wake kuisema. Kosa huanza pale anapodhani kwamba lango hilo ndilo pekee. Hatumfunzi mtoto hesabu kwa sharti kwamba atakuwa profesa wa hesabu. Hatumpi Kiswahili kwa sharti kwamba atakuwa Shaaban Robert. Kwa nini basi densi iwe ndiyo elimu ya pekee ambayo anayeingia hana budi kuahidi kwamba atakuwa bingwa? Royal Academy of Dance, iliyoasisiwa London mwaka 1920, ina mpango maalumu wa madarasa kwa watu waliopita miaka 55. Bila shaka hakuna hata mmoja wao anayetarajia kuajiriwa jukwaani.

Lipo jambo jingine ambalo wanaosema mpwa wangu amechelewa wamelisahau. Hakuanza na kurasa tupu. Ni mtoto wa Digoni. Amekua akiiona sengenya arusini na katika sherehe za kitaifa, ngoma ambayo jina lake katika Kiswahili hufanana na kitenzi cha kumteta mtu. Anajua jinsi zumari inavyoita na ngoma zinavyojibu, jinsi upatu unavyoshika mapigo, jinsi kundi zima linavyogeuka pamoja bila ya mtu kutoa amri. Katika isimu tunafahamu kwamba mwenye lugha ya kwanza imara hujifunza ya pili akiwa na mtaji. Hujifunza maneno mapya, lakini hahitaji kufunzwa upya kwamba kuna kitu kiitwacho neno. Vivyo hivyo msichana aliyekulia katika sengenya hahitaji kufunzwa kwamba mwili hufuata mapigo, wala kwamba goti lililokunjwa ndilo lenye nguvu. Ataingiliwa na lafudhi ya ngoma yake ya kwanza, kweli: kifua kitainama mahali baleti inapotaka kiinuke, na wayo utaitafuta ardhi mahali baleti inapotaka uikimbie. Hayo husahihishwa. Nureyev naye aliingia Leningrad akiwa na ngoma za Wabashkir miguuni.

Tena tazama jinsi tulivyo na mizani mbili. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huzikutanisha shule za nchi nzima, na si ajabu kuiona shule ya bara ikicheza ngoma ya pwani au shule ya pwani ikicheza ngoma ya ziwani. Msichana wa miaka 16 ambaye hajapata kuiona bahari hufunzwa ngoma ya Wamijikenda kwa muhula mmoja, akaicheza mbele ya waamuzi, na shule yake ikarejea na kikombe. Hakuna mwalimu anayemwambia kwamba amechelewa. Hakuna anayeandika katika ripoti kwamba ajiepushe. Mwalimu mkuu hupiga picha na kikombe hicho. Ikiwa kiungo cha msichana yule hakikukauka mbele ya ngoma ya jirani, kwa nini kimekauka mbele ya densi ya Ufaransa?

Hapa nitajibiwa kwamba ngoma ya jirani ni yetu na baleti ni ya kigeni. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa nimetumia maisha yangu kuzitetea lugha zetu. Lakini kutetea cha nyumbani hakujapata kuwa sawa na kukikataa cha nje. Kiswahili chenyewe kimekula maneno ya Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza, na hakikufa, kilinenepa. Hofu yangu kuhusu sengenya si kwamba mtoto wa Msambweni atajifunza baleti. Hofu yangu ni kwamba ataijua sengenya kama kipande cha dakika chache cha kuwaburudisha wageni wa hoteli tu, bila ya mwalimu, bila ya masahihisho, bila ya heshima ambayo tunampa anayejifunza cha kigeni. Nidhamu ambayo mpwa wangu anaipata Diani ndiyo ningependa aipate pia kutoka kwa wazee wanaoijua ngoma ya kwao.

Hoja ya pili ni ya stara, na katika Kwale, ambako familia nyingi ni za Kiislamu, hoja hii haifai kupuuzwa wala kuchekwa. Mzazi ana haki ya kuuliza binti yake atavaa nini, atacheza mbele ya nani, na nani atamgusa anapomsahihisha. Mwalimu asiyeweza kuyajibu maswali hayo hastahili kukabidhiwa mtoto. Ni kweli kwamba mwalimu wa baleti huhitaji kuliona goti na nyonga ili ajue kama mwanafunzi anajiumiza, na kwa hiyo nguo pana sana huleta shida. Lakini vazi la jukwaani si sehemu ya zoezi. Suruali ya kubana ndani ya darasa la wasichana watupu, mwalimu akiwa mwanamke na mlango umefungwa, ni jambo ambalo dada yangu aliliangalia kwa macho yake, akaridhika. Mwingine ataangalia asiridhike, na uamuzi huo ni wake. Ninachokataa ni uamuzi wa mzazi kuvikwa vazi la methali ya samaki. Stara ni hoja ya stara, na umri si hoja yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayowagusa walimu zaidi: masomo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana masomo manane, mazoezi ya maabara, majaribio ya kila muhula, na mtihani wa kitaifa unaomkodolea macho. Je, ana wasaa wa densi? Tuhesabu. Somo moja la Jumamosi la saa moja na nusu, safari ya kwenda na kurudi, na robo saa ya mazoezi kila jioni huku ameshika ukingo wa dirisha au mgongo wa kiti. Kwa wiki nzima haifiki saa sita. Mwanafunzi wa kawaida hupoteza saa nyingi kuliko hizo mbele ya simu, na hakuna ripoti inayolitaja jambo hilo. Sitadai kwamba densi ilimpandishia mpwa wangu alama. Nilizitazama ripoti zake za mihula miwili: katika hesabu amebaki pale pale, katika historia ameshuka kidogo, katika Kiswahili na baiolojia amepanda. Hakuna muujiza hapo, na wala hakuna maangamizi.

Hata hivyo, mpaka upo, na mwanafunzi aujue. Misty Copeland mwenyewe aliwahi kutolewa katika shule ya kawaida akasomeshwa nyumbani ili apate muda zaidi wa baleti. Mwaka 1998 mvutano kati ya mama yake na walimu wake wa densi ulifika mahakamani na magazetini. Baada ya mvutano huo alirejea shule ya umma, akawa anafanya mazoezi mchana baada ya masomo, akamaliza sekondari mwaka 2000, na bado akafika alikofika. Mwenye kipaji kama kile hakupungukiwa na kitu kwa kumaliza shule. Sembuse wewe ambaye umeanza ukiwa na miaka 17 na ambaye huna hakika? Anayechelewa ana sababu kubwa zaidi ya kuyashika masomo yake kwa mikono miwili, kwa kuwa densi haijampa ahadi yoyote.

Nimesema hapo juu kwamba jambo hili si la jamaa yangu pekee. Mtaala wa Umilisi umeleta katika sekondari ya juu mikondo mitatu, na mmoja wao ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo muziki na densi ni somo kamili. Kundi la kwanza la mtaala huo liliratibiwa kuingia Gredi ya 10 mwaka 2026. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 ana umri wa miaka 15 hivi. Kwa wengi wao, hasa katika shule za mashambani kama vile za Kinango na Lunga Lunga, hayo yatakuwa ndiyo mafunzo ya kwanza ya densi yenye utaratibu katika maisha yao. Kwa maneno mengine, serikali yenyewe imeufungua mlango kwenye umri ule ule ambao walimu wetu wanausema kuwa umepitwa. Iwapo tutaingia katika madarasa hayo tukiwa bado tunaamini kwamba samaki amekauka, tutakuwa tunafundisha somo ambalo hatuamini linafundishika, na wanafunzi watatujua siku ya kwanza.

Kwa walimu wenzangu nina maombi matatu. La kwanza, tutenganishe maswali. Mwanafunzi akiuliza kama anaweza kujifunza, tusimjibu kama ameuliza kuhusu ajira. La pili, tuziangalie sakafu kabla ya kuziangalia nyaraka za mtaala. Kumbi nyingi za shule zetu zina sakafu ya saruji, na kuruka juu ya saruji wiki baada ya wiki huumiza miundi na magoti. Ndiyo maana kumbi za densi hujengwa kwa sakafu ya mbao inayobonyea. Shule isiyo na sakafu hiyo inaweza kufundisha mikao, mikono, mizani na muziki, na kuacha miruko hadi itakapopata mahali pafaapo. La tatu, tusimfedheheshe anayeanza mbele ya wenzake. Kijana wa miaka 17 anayekubali kusimama nyuma ya watoto wa miaka 9 na kusahihishwa pamoja nao amekwisha kujifunza jambo ambalo wengi wetu wenye shahada hatujalijua, nalo ni kuwa mwanafunzi hasa.

Kwa wanafunzi nina ombi moja. Msijilinganishe na mtoto aliyeanza kabla yenu. Jilinganisheni na nyinyi wenyewe wa muhula uliopita, na ikiwa hakuna lililobadilika, muulizeni mwalimu kwa nini.

Na kuhusu yule samaki, anayetumia methali hiyo hapa pwani nadhani hajaingia jikoni siku nyingi. Huku kwetu, kutoka Gazi hadi Vanga, ng'onda hatupwi kwa sababu amekauka. Hurowekwa usiku kucha, maji yakabadilishwa, chumvi ikapungua, na asubuhi nyama yake hulainika ikaingia katika mchuzi wa nazi. Hachukui muda sawa na samaki mbichi, wala ladha yake si ile ile, na anayemkunja kabla ya kumroweka humvunja. Hilo ndilo nililomwambia mpwa wangu: amechelewa, ndiyo, na aende taratibu. Dada yangu naye nilimwambia asimzuie.